Theluji ya Liège na mpira wa Congo: historia ya mashindano yaliyobakiza watu 21

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa nne, waendesha baiskeli wakubwa wa dunia wanakusanyika Liège, mji wa mashariki mwa Ubelgiji. Wanashuka kusini hadi mji mdogo wa Bastogne, kisha wanageuka na kurudi Liège siku hiyohiyo. Njia yote ni kilomita 250 hivi, na sehemu kubwa ni vilima: kupanda, kuteremka, kupanda tena. Mashindano hayo yanaitwa Liège–Bastogne–Liège. Wenye mchezo wao wameyapa pia jina la heshima, La Doyenne, yaani mzee kuliko wote, kwa sababu ndiyo ya zamani zaidi kati ya mashindano matano makubwa ya siku moja. Yalianza mwaka wa 1892.

Mkaaji wa Kivu anaweza kuuliza: vilima vya Wabelgiji vinatuhusu nini, wakati vya kwetu vinatosha? Jibu lipo ndani ya historia yenyewe. Baiskeli zile zilitembea juu ya mpira, na sehemu ya mpira wa miaka ile ilitoka Congo. Anayesimulia ushujaa wa barabara ya Liège bila kutaja hilo anasimulia nusu ya habari.

Mwaka wa 1892: njia mbili zinaanza pamoja

Mashindano ya kwanza yalifanyika tarehe 29 mwezi wa tano, mwaka wa 1892. Yalikuwa ya watu wasiolipwa, na waandalizi walikuwa na mpango wa kutengeneza siku moja mashindano marefu zaidi, kutoka Liège hadi Paris na kurudi. Kwa hiyo walitaka kwanza kufanya majaribio. Washindani 33 waliondoka, wote Wabelgiji, na 17 tu walifika. Waligeukia Bastogne kwa sababu rahisi: gari la moshi lilifika huko, na wasimamizi waliweza kupanda treni ili kuwahi kuhakikisha nani amepita. Mshindi alikuwa kijana wa Liège, Léon Houa. Alitumia muda wa karibu saa 11. Aliyemfuata alifika dakika 22 baadaye. Houa alishinda tena mwaka wa 1893 na wa 1894.

Miaka ile baiskeli ilikuwa inabadilika haraka. Mwaka wa 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la mpira lililojazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mtoto wake. Mwaka wa 1891, ndugu wawili wa Michelin huko Ufaransa walitoa tairi ambalo fundi angeweza kulivua na kulitengeneza bila taabu kubwa. Mwaka huohuo Charles Terront alitumia matairi yao akashinda safari ya Paris–Brest–Paris. Kuanzia hapo kila mtu alitaka tairi la upepo. Baiskeli ikawa nyepesi, ikaacha kumvunja mtu mgongo kwenye mawe, na bei ya mpira ikapanda.

Mpira huo haukulimwa Ulaya. Ulipatikana Brazili, na pia katika misitu ya Congo, ndani ya mimea inayotambaa juu ya miti mirefu. Wakati huo Congo haikuwa koloni la Ubelgiji bado. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II, kwa jina la Dola Huru la Congo. Tarehe 21 mwezi wa tisa, mwaka wa 1891, alitoa amri ya siri kwamba pembe za ndovu na mpira wa sehemu kubwa za nchi ni vya Dola. Mwaka wa 1892, mwaka uleule ambao Houa alishinda, kampuni ya Abir ilianzishwa Antwerp na kupewa misitu mikubwa ya bonde la mito Maringa na Lopori, upande wa Équateur.

Kilichofuata kinajulikana. Kijiji kiliwekewa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanaume waliingia msituni siku nyingi, wakapanda miti, wakakata mimea na kukusanya utomvu, na mashamba yao yakabaki bila mtu. Wanawake walishikwa kama mateka mpaka waume warudi na mpira wa kutosha. Askari wa Force Publique walitakiwa kuonyesha kwamba risasi zao hazikupotea bure, na mikono iliyokatwa ikawa ushahidi wao. Njaa na magonjwa vilimaliza waliobaki. Karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, aliziangalia hesabu za bandari ya Antwerp akaona kwamba meli zilileta mpira na pembe, lakini zilirudi Congo na bunduki na risasi badala ya bidhaa za biashara. Mwaka wa 1904 balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alitoa ripoti yake. Kelele zikawa nyingi, na mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji Congo yake.

Haifai kusema kwamba Léon Houa alikata mkono wa mtu. Wala baiskeli haikuwa peke yake: baadaye magari na nyaya za umeme vilihitaji mpira mwingi zaidi. Lakini hamu ya kwanza kubwa ya mpira ilikuja na tairi la baiskeli. Barabara ya Liège na msitu wa Maringa vilikuwa miisho miwili ya kamba moja.

Kwa nini Ardennes kuna baridi

Vilima vinavyopitiwa na mashindano vinaitwa Ardennes. Kwa urefu si kitu mbele ya milima ya Kivu. Sehemu ya juu kabisa ya Ubelgiji, Signal de Botrange, ina metre 694 tu. Goma, iliyo kando ya ziwa, iko kwenye metre 1.500 hivi. Hata hivyo Goma haijui theluji, na mtu wa Beni anayetaka kuiona lazima ainue macho kwenye vilele vya Ruwenzori, ambako Margherita inafika metre 5.109. Tofauti ni umbali kutoka ikweta. Ardennes iko kaskazini sana, jua linapita chini, na upepo wa baridi unaweza kushuka huko hata katika mwezi wa nne, wakati kalenda inasema majira ya baridi yamekwisha.

Bastogne yenyewe inakumbukwa dunia nzima kwa baridi ya namna nyingine. Mwezi wa kumi na mbili wa 1944, jeshi la Ujerumani liliwazunguka humo askari wa Marekani. Ilikuwa theluji, dawa zilipungua, na majeruhi walilala chini bila moto wa kutosha. Kati ya waliowahudumia alikuwa muuguzi kijana, Augusta Chiwy. Alizaliwa mwaka wa 1921 katika eneo ambalo leo ni Burundi, baba Mbelgiji na mama Mwafrika, akapelekwa Bastogne akiwa bado mtoto. Alikuwa amekuja kusherehekea Noeli na jamaa yake alipojikuta ndani ya vita. Alijitolea kumsaidia daktari Mmarekani John Prior, katika jeshi ambalo wakati ule lilikuwa bado linawatenga weusi na weupe. Usiku wa tarehe 24 bomu lilibomoa nyumba ya majeruhi, likaua wagonjwa wengi na muuguzi mwenzake Renée Lemaire. Chiwy alinusurika na akaendelea na kazi. Ubelgiji na jeshi la Marekani walimpa nishani mwaka wa 2011 tu, baada ya miaka 67. Alikufa mwaka wa 2015. Waendesha baiskeli wanapogeukia Bastogne, wanageukia pia mji aliouhudumia binti wa Maziwa Makuu.

Jumapili ya tarehe 20 mwezi wa nne, 1980

Mashindano ya Liège yalikwisha kuona hali mbaya ya hewa mara nyingi, kwa mfano mwaka wa 1957. Lakini siku inayotajwa kuliko zote ni jumapili ya tarehe 20 mwezi wa nne, 1980.

Watu 174 waliondoka Liège asubuhi. Njia ilikuwa ya kilomita 244. Hawakwenda mbali kabla theluji haijaanza kuanguka, tena si ile laini ya kwenye picha za kadi. Ilikuja na upepo, ikapiga machoni, ikayeyuka juu ya nguo na kuingia hadi mwilini. Wengine waliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukikinga uso. Magari ya timu yalikuwa nyuma yao, ndani yake mna joto, na mlango uko tayari kufunguliwa. Mmoja akaingia, kisha wa pili, kisha kumi. Baada ya kilomita 70 hivi, zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kuacha. Kati yao walikuwamo mabingwa wenye majina, kama Lucien Van Impe, Mbelgiji aliyeshinda Tour de France mwaka wa 1976.

Mfaransa Bernard Hinault alikuwa na miaka 25. Alikuwa amekwisha kushinda Tour de France mara mbili, mwaka wa 1978 na wa 1979, na Liège hiyohiyo mwaka wa 1977. Yeye pia alifikiri kuacha. Timu yake ya Renault ilikuwa imebaki na watu wawili tu: yeye na Maurice Le Guilloux, mwendeshaji asiye na jina kubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kumsaidia mkubwa wake. Le Guilloux aliendelea kusukuma pedali. Hinault aliona aibu kuingia garini huku msaidizi wake akiwa barabarani.

Msomaji asipite haraka hapo. Ushindi unaosimuliwa kama nguvu za mtu mmoja ulishikiliwa na mtu wa pili, ambaye wengi hawalijui jina lake.

Wakati wa kurudi kaskazini, hali ikatulia kidogo. Mkuu wa timu, Cyrille Guimard, alimsogelea Hinault kwa gari akamwambia avue koti la mvua, kwa kuwa mashindano ya kweli yanaanza sasa. Mbele alikuwa Mbelgiji Rudy Pevenage. Njia ilifika Stavelot, mahali penye kilima cha Stockeu, kifupi lakini kikali sana, na baada yake Haute-Levée, kirefu zaidi. Hinault alimfikia Pevenage, akawaacha wote. Zilikuwa zimebaki kilomita 80 hivi.

Alizimaliza peke yake, kofia nyekundu ya sufu ikiwa imefunika masikio. Aliingia Liège baada ya zaidi ya saa 7 barabarani. Watu wakasubiri. Dakika 9 na sekunde 24 zikapita ndipo akatokea Mholanzi Hennie Kuiper, aliyepata kuwa bingwa wa dunia. Wa tatu alikuwa Mbelgiji Ronny Claes. Jumla ya waliofika ni 21. Watu 153 hawakufika.

Baridi inafanya nini mwilini

Ili kuelewa siku ile, inafaa kujua kazi ya baridi. Mtu anapopanda kilima kwa baiskeli, misuli yake inatoa joto jingi na jasho linamtoka hata kwenye theluji. Akifika juu na kuanza kuteremka, hasukumi tena sana, joto linapungua, na hapohapo anapigwa na upepo wa mwendo wake mwenyewe, kilomita 50 au 60 kwa saa. Nguo iliyolowa jasho na theluji inakuwa kama maji ya baridi yaliyofungwa juu ya ngozi. Mwili unachagua kulinda moyo na ubongo, kwa hiyo unapunguza damu ya mikono na miguu. Vidole vinakufa ganzi. Lakini breki za baiskeli zinakamatwa kwa vidole, na mteremko hausubiri. Ndiyo maana katika vilima vya baridi hatari kubwa haiko kwenye kupanda. Iko kwenye kushuka.

Mwaka wa 1980 nguo nyingi zilikuwa za sufu, ambazo zinakunywa maji na kuwa nzito. Hinault alilipa. Vidole viwili vilichukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi tena vizuri, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba hata miaka mingi baadaye vinamsumbua wakati wa baridi. Mwezi wa nane mwaka huo alikuwa bingwa wa dunia huko Sallanches, Ufaransa. Vidole havikusahau.

Kwa muda mrefu habari kama hizo zilisimuliwa kwa sifa tu. Mwaka wa 1988, katika Giro d'Italia, washindani walivuka mlima Gavia ndani ya dhoruba ya theluji, na wengine walifika wakitetemeka na kulia. Mwaka wa 2013, Milano–Sanremo ilisimamishwa katikati. Waendeshaji walipandishwa kwenye mabasi, wakavushwa sehemu ya mlima, kisha wakaendelea chini. Waendeshaji wakaanza kudai kanuni. Kuanzia mwaka wa 2016, shirikisho la dunia, UCI, lina utaratibu wa hali mbaya ya hewa: wawakilishi wa waendeshaji, wa timu, waandalizi na waamuzi wanakutana, wanaweza kubadilisha njia, kuahirisha au kufuta. Mwaka huohuo theluji iliangukia tena Liège–Bastogne–Liège, na Mholanzi Wout Poels akashinda.

Kwa hiyo wale 153 wa mwaka wa 1980 hawakuwa waoga. Walikuwa wafanyakazi walioona kwamba mshahara wa siku moja haulingani na mkono. Ilichukua miaka 36 ili maoni yao yawe kanuni.

Kutoka Liège hadi Kigali

Mashariki ya Congo nako kuna watu wanaoteremka vilima kwa magurudumu mawili kila siku, bila gari la timu nyuma. Ni vijana wa chukudu. Kutoka Kibumba hadi Goma wanashusha mzigo wa kabichi, viazi na makala, asubuhi yenye ukungu na baridi, juu ya chombo cha mbao walichokitengeneza wenyewe. Magurudumu ya mbao yamevalishwa vipande vya tairi kuukuu, na breki nayo ni kipande cha tairi kinachokanyagwa kwa mguu. Mji wa Goma umewajengea sanamu katikati ya mzunguko wa barabara. Mpira ambao mababu walilazimishwa kuutoa msituni sasa unarudi kwa wajukuu kama takataka za tairi, nao wanaugeuza kuwa mkate wa watoto wao.

Na mchezo wenyewe umekwisha kufika jirani. Mwezi wa tisa wa 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Huko hapakuwa na theluji. Kulikuwa na jua, urefu wa mahali juu ya bahari, na vilima visivyoisha katika njia ya kilomita 267. Walioweza kumaliza mashindano ya wanaume walikuwa 30 tu. Wa kwanza alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, wa pili Mbelgiji Remco Evenepoel, na wote wawili walikuwa wamekwisha kushinda Liège–Bastogne–Liège zaidi ya mara moja. Watu wa Kigali walijaa kando ya barabara, wengine juu ya miti na kuta, kuwaangalia.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Biniam Girmay wa Eritrea, kijana aliyekulia kwenye nyanda za juu za Asmara, alishinda Gent–Wevelgem, mojawapo ya mashindano makubwa ya Ubelgiji. Hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amewahi kushinda mashindano ya ngazi hiyo kwenye barabara za mawe za Wabelgiji. La Doyenne bado haijapata mshindi kama yeye. Vijana wanaopanda kila siku kutoka ziwani hadi Kibumba wana mapafu na miguu ya kazi hiyo. Wanachokosa ni baiskeli, barabara tulivu na mtu wa kuwafundisha. Siku mmoja wao atakapoondoka Liège asubuhi ya baridi, atakuwa na haki ya kujua njia hiyo ilijengwa na nani, na matairi yake ya kwanza yalitoka wapi.